Chembe sahani, na kundi O lisilofaa kila mahali

Chembe sahani ni vile vipande vidogo vya damu vinavyokimbilia mshipa uliojeruhiwa na kuuziba. Jina limefuata umbo: zikitulia, ni bapa na za mviringo. Wapo wanaoandika “seli sahani”, nami siwaungi mkono, kwani hazina kiini wala si seli kamili. Humeguka kutoka kwenye seli kubwa za uboho. Kwa mgonjwa, “chembe za kugandisha damu” hueleweka upesi zaidi.

Utata uko kwenye makundi ya damu. Tangu Karl Landsteiner alipoyabainisha mwaka 1901, kundi O limejipatia sifa ya “mtoaji kwa wote”. Sifa hiyo ni ya chembe nyekundu tu, tena za O hasi. Chembe sahani kwa kawaida huhifadhiwa ndani ya plazma, na plazma ya mtu wa O ina kingamwili dhidi ya A na B. Ikimwingia mgonjwa wa kundi A, yaweza kuvunja chembe zake nyekundu. Plazma ya AB haina kingamwili hizo. Basi AB, ambaye damu yake nzima humfaa AB mwenzake pekee, kwenye chembe sahani ndiye anayetafutwa. O hakataliwi, chembe zake hupelekwa kwanza kwa O mwenzake. Anayeandika “mtoaji kwa wote” ataje basi anatoa nini.

Kundi pekee halitoshi. Aspirini hulemaza chembe sahani kwa muda wote wa uhai wake, yaani siku 8 hadi 10, hivyo Marekani mtoaji husubiri angalau saa 48 tangu kuimeza. Anayetoa damu nzima hazuiwi kwa sababu hiyo. Mwanamke aliyewahi kubeba mimba huweza kupimwa kingamwili za HLA, maana zinaweza kudhuru mapafu ya mpokeaji.

Mashine ya aferesisi huchuja chembe sahani na kumrudishia mtoaji sehemu kubwa ya damu yake. Ndiyo maana Marekani huruhusiwa kutoa kila baada ya siku 7, hadi mara 24 kwa mwaka, ilhali Tanzania mtoaji wa damu nzima hungoja miezi 3 akiwa mwanamume, 4 akiwa mwanamke.

Zikishatolewa, hutunzwa kwenye nyuzijoto 20 hadi 24 zikitikiswa muda wote, na baada ya siku 5 hadi 7 hutupwa. Ukiwa AB, na hospitali iliyo karibu nawe ina mashine hiyo, kaulize. Kama umemeza aspirini, sema kabla hujatolewa damu.