Wanung'unikaji ni Nani?



Hapa Mutoshi neno "mnung'unikaji" hutupwa haraka. Mchimbaji akisema mizani ya mnunuzi wa mawe inapunguza kilo, anaitwa mnung'unikaji. Mjane akiuliza mbona msaada haukumfikia, ni mnung'unikaji. Sisi wachungaji nasi tumelitumia. Ndugu mmoja katika kusanyiko letu aliomba hesabu ya sadaka za ujenzi. Jumapili iliyofuata tulihubiri juu ya Kora na wenzake waliomezwa na ardhi, na watu wote walijua tunamsema nani. Ndugu yule hakurudi tena. Kwa hiyo tumelichunguza neno hili upya.

Wazee wetu walilijua vizuri. Wakati mgodi wetu ungali ukiitwa Ruwe, shaba yote ya Katanga ilikuwa mikononi mwa Union Minière. Mwaka 1941 ulikuwa wa vita. Shaba ilitakiwa sana, bei za vitu zilipanda, lakini mshahara wa mfanyakazi mweusi haukutosha. Mwezi wa Desemba wafanyakazi wakaweka kazi chini, Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Élisabethville, ndiyo Lubumbashi. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira huko Élisabethville wakidai nyongeza. Gavana Maron alifika, na askari walikuwapo. Watu walikataa kutawanyika, askari wakafyatua risasi. Makumi walikufa, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, alikuwa mmoja wao. Mbele ya serikali walikuwa wachochezi. Lakini Yakobo, sura ya 5, anasema mshahara uliozuiliwa unalia, na kilio cha wavunaji kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Basi Biblia inasemaje juu ya manung'uniko? Katika Kutoka 16 Waisraeli wananung'unika jangwani. Katika Matendo 6 wajane wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yanatokea. Katika Kiyunani neno ni lile lile mahali pote pawili. Lakini mitume hawakuwahubiria wajane habari za Kora. Walikubali kwamba kuna kasoro, wakaamuru wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, na neno la Mungu likazidi kuenea.

Tena, 1 Samweli 22 inasema waliomkimbilia Daudi pangoni Adulamu walikuwa wenye dhiki, wenye deni, na wenye uchungu wa nafsi, kama watu mia nne. Uchungu huo huo ndio alioubeba Hana katika sura ya kwanza alipoomba bila sauti, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Angalia, mpendwa: kuhani ndiye aliyekosea. Lakini Eli alipoelezwa alisikia, akambariki.

Hatusemi kila lalamiko ni takatifu. Wale wa jangwani walitamani kurudi utumwani Misri, na katika Hesabu 14 wakakataa nchi waliyoahidiwa. Mnung'unikaji wa namna hiyo hataki kitu kitengenezwe. Anataka tu kiongozi aanguke. Lakini mwenye uchungu anayekuja mbele yako na kusema jambo lake waziwazi, huyo amekuheshimu. Ukimfukuza, ataenda kusema nyuma ya nyumba, na wewe ndiwe utakuwa umemfundisha kunung'unika.

Basi tumeamua mambo mawili. Hesabu za ujenzi zitasomwa mbele ya kusanyiko. Na tutakwenda nyumbani kwa ndugu yule, si kumrudisha kwa nguvu, bali kumwomba msamaha.

Nawe, baba wa nyumba, mzee wa kanisa, mkubwa wa kazi: ni nani umemwita mnung'unikaji wiki hii? Rudi kwake. Msikilize kwanza.

Bwana atupe masikio. Amina.