Samuel Coleridge-Taylor: Mahadhi Pasipo Maneno

Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London tarehe 15 Agosti, 1875. Baba yake, mtu wa Sierra Leone aliyesomea udaktari Uingereza, alirejea Afrika ya Magharibi, na mtoto akalelewa Croydon na mama yake Mwingereza. Mwaka 1890 aliingia Chuo cha Kifalme cha Muziki kujifunza fidla, kisha akageukia utunzi chini ya Charles Villiers Stanford.

Sifa zake zilienea mwaka 1898, ilipoimbwa kwa mara ya kwanza kazi yake juu ya karamu ya arusi ya Hiawatha, iliyojengwa katika shairi la Longfellow. Nakala zilinunuliwa kwa maelfu. Naye alikuwa amekwisha kuwauzia wachapishaji haki zote kwa gini 15. Aliendelea kufundisha na kuongoza kwaya ili apate riziki, hata alipofariki kwa homa ya mapafu tarehe 1 Septemba, 1912, akiwa na umri wa miaka 37.

Lakini kwa mwanafunzi wa lugha, kazi nzito zaidi ni mkusanyo wa 1905: nyimbo 24 za watu weusi zilizotungiwa piano, pamoja na dibaji ya Booker T. Washington. Nyingi ni za Wamarekani weusi. Nyingine zatoka Afrika yenyewe, na baadhi ya hizo mtunzi alizichota katika kitabu cha mmisionari Mswisi, Henri Junod, juu ya Waronga wa pande za Ghuba ya Delagoa, Msumbiji ya leo. Coleridge-Taylor alitaka kuzifanyia nyimbo hizi kile ambacho Dvořák aliwafanyia Wacheki na Grieg Wanorwe. Mfano huu una kasoro. Dvořák alikuwa akisema Kicheki tangu utotoni. Coleridge-Taylor aliupata wimbo wa Mronga katika kurasa za mgeni.

Waama, hasara yake si ndogo. Kironga, kama lugha nyingi za Kibantu, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, wala mahadhi hayawi huru kabisa na maneno. Piano huchukua mahadhi peke yake, na maana ikabaki katika anwani. Hata hivyo mtunzi alifanya jambo moja la uaminifu ambalo wengi wa zama zake hawakujali: juu ya kila kipande aliuchapisha wimbo wa asili kabla ya mapambo yake, hivyo msomaji aweza kupima mwenyewe ni kipi cha Waronga na ni kipi cha Croydon.