Kilomita 223 hadi Sumbawanga: historia ya barabara iliyopanga bei ya mahindi

Jumapili ya Februari 17, 2008, Rais Jakaya Kikwete na mgeni wake, Rais George W. Bush wa Marekani, walitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa dola milioni 698. Haukuwa mkopo. Ulikuwa msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia, linalojulikana zaidi kwa herufi zake, MCC, na uligawanywa katika umeme, maji na barabara. Wengi waliosikia habari hiyo walishangazwa na ukubwa wa fungu. Kwa mtu wa Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam, habari yenyewe ilikuwa mstari mmoja katika orodha ya barabara: Tunduma–Sumbawanga, kilomita 223, itoke kwenye changarawe na kuwa lami.

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni inamkumbusha kila mgeni. Mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti vinastawi. Wafipa walikuwa na kilimo chao cha matuta ya mviringo, intumba, ambamo nyasi hufukiwa zioze na kuirutubisha ardhi, muda mrefu kabla ya bwana shamba wa kwanza kufika na kitabu chake. Kulima hawakuhitaji kufundishwa. Shida ilikuwa kutoka na mazao. Ukielekea Kasanga, Kipili au Kirando unateremka kwenda ziwani. Ukielekea mashariki unafika kwenye ukuta wa Lyambalyamfipa, unaoshuka ghafla hadi bonde la Rukwa. Mlango uliobaki ni wa kusini, njia ya Tunduma, mpakani na Zambia.

Miundombinu mikubwa ya ukanda huu ilipita karibu na Ufipa bila kuingia. Miaka ya 1880, mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha ijengwe njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Ikachorwa pembeni mwa Ufipa, na sehemu yake kubwa haikujengwa kamwe. Wajerumani walijenga boma Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, wakiangalia ziwa zaidi kuliko uwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walipeleka tawi la reli Mpanda kwa sababu ya madini ya risasi. Baada ya Uhuru ikaja lami ya kwenda Zambia, halafu reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Zote mbili zinapita Tunduma. Kutoka hapo hadi Sumbawanga palibaki kilomita 200 na ushee za vumbi na tope, na hakuna aliyekuwa na haraka nazo.

Mwaka 1974 mkoa wa Rukwa ulianzishwa. Katika miaka hiyohiyo Serikali ilichukua uamuzi ambao kwa maoni yangu uliibadilisha Ufipa kuliko mradi wowote wa ujenzi: bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lilinunua gunia Sumbawanga kwa bei ileile ya mkulima aliye jirani na Dar es Salaam. Gharama ya kulisafirisha ilibebwa na shirika, maana yake ilibebwa na hazina. Mbolea nayo ilifika kwa bei moja. Wakulima wa Rukwa waliitikia. Mkoa uliokuwa ukilima zaidi kwa ajili ya chakula chake ukaingia katika kundi la mikoa minne ya kusini iliyotegemewa kuilisha nchi, pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma.

Katika mpango huo, ubovu wa barabara ulikuwa hasara ya Serikali. Lori la NMC lilikwama, ghala lilijaa, panya walikula, lakini mkulima alikuwa ameshaandikiwa bei yake, hata kama malipo yalichelewa. Utaratibu huo haukuweza kudumu. NMC ilizama kwenye madeni, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 soko likafunguliwa. Mnunuzi akawa mtu binafsi. Huyo hufanya hesabu yake kuanzia mwisho: anachukua bei ya sokoni Dar es Salaam au Mbeya, anaondoa nauli ya lori, ushuru, vipuri vitakavyovunjika, siku ambazo gari linaweza kulala njiani, na faida yake. Kinachobaki ndicho anachomtajia mkulima. Tangu siku hiyo kila shimo kati ya Laela, mji wa njiani, na Tunduma lilikatwa kwenye gunia la Mfipa.

Aliyepita njia ile wakati wa masika anajua mashimo hayo yalikuwaje. Mvua za Ufipa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Lori la mahindi likifika kwenye udongo mweusi, gurudumu la nyuma linazunguka bila kusogea, kisha linazama taratibu hadi ekseli inagusa tope. Utingo anashuka na chepe, anachimba mbele ya tairi, anatafuta matawi na mawe ya kutandika. Dereva anajaribu, tope linaruka, gari linazidi kwenda chini. Hapo hakuna njia isipokuwa kushusha magunia, moja moja, mgongoni, na kuyapanga pembeni chini ya turubai, halafu kuyapakia tena gari likishatoka. Nyuma ya lori hilo basi limesimama, na ndani ya basi yumo mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Mbeya. Barabara ya kwenda sokoni ndiyo hiyohiyo ya hospitali, na ndiyo maana siwezi kuizungumzia kana kwamba ni suala la mahindi peke yake.

Fedha za nje hazikuanza na Wamarekani. Mwaka 1985 Norway, kupitia shirika lake la NORAD, ilianza kugharimia mpango wa maendeleo vijijini wa mkoa wa Rukwa, RUDEP, uliogusa maji, barabara na kilimo. Kwa takriban muongo mmoja mpango huo ulikuwa mkono mkubwa wa kazi za umma mkoani. Mwaka 1990 Benki ya Dunia na wafadhili wengine wakaanzisha mradi mkubwa wa kitaifa wa barabara, kwa sababu mtandao uliojengwa miaka ya 1960 na 1970 ulikuwa umeachwa ufe bila matengenezo. RUDEP ilifungwa katikati ya miaka ya 1990. Matabaka ya changarawe yaliyowekwa enzi hizo yalifanya kazi yake, lakini changarawe huliwa na magurudumu na mvua. Isiporudishwa baada ya miaka michache, barabara inarudi kuwa udongo.

Kipindi hichohicho, Makete, mkoa wa Iringa wa wakati ule, Shirika la Kazi Duniani lilifanya mradi uliostahili kusomwa zaidi kuliko ulivyosomwa. Waliuliza watu wa vijijini wanabeba nini, wapi, na nani anabeba. Jibu lilikuwa kwamba safari nyingi hazifiki kabisa barabara kuu. Ni za kisimani, kuni, shamba na mashine ya kusaga, kwa miguu, na mzigo mwingi uko kichwani mwa mwanamke. Kwa hiyo wakashughulikia vijia, vivuko na punda pamoja na barabara. Nitalirudia jambo hili huko mbele, maana Ufipa nayo inahusika.

Mkataba wa 2008 ulikuwa wa namna nyingine. Haukuja kukwangua na kumwaga kifusi; ulikuja kujenga lami ya kudumu. Kazi iligawanywa vipande vitatu: Tunduma hadi Ikana, Ikana hadi Laela, na Laela hadi Sumbawanga, kipande kirefu kuliko vyote, kilomita 95. Fungu hilohilo lilijenga Tanga–Horohoro, Peramiho–Mbinga na Songea–Namtumbo, pamoja na barabara za vijijini Pemba. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Mizengo Pinda, mzaliwa wa Mpanda, ambayo bado ilikuwa ndani ya mkoa wa Rukwa hadi Katavi ilipozaliwa mwaka 2012. Watu wa mkoa walilisema hilo kwa furaha, na sioni ubaya wake: mikoa ya pembezoni imengoja muda mrefu kusikilizwa.

Kabla ya greda kuingia, wapimaji walipita. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilikuwa imepanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na alama ya X kwenye ukuta wa nyumba ikawa jambo linaloeleweka na kila mtoto nchini. Fidia ni sehemu ya historia hii ambayo haiingii kwenye jiwe la uzinduzi. Kuna aliyepoteza duka, aliyepoteza miti ya matunda, aliyehamisha kaburi la mzazi wake, ili wengine tufike haraka.

Kisha ikaja kazi ya udongo. Tuta linainuliwa juu ya ardhi ya asili ili maji yasilale. Kila tabaka linamwagiwa maji na kushindiliwa, linapimwa, na likishindwa kipimo linarudiwa. Makalvati yanawekwa kila mahali ambapo maji ya mvua yana desturi ya kupita, na wenyeji wanapajua kuliko ramani. Lami yenyewe, ile nyeusi tunayoishangilia, ni ngozi nyembamba tu ya juu. Kinachoishikilia ni tuta na mtaro. Mtaro ukizibwa na takataka au ukifukiwa na mtu anayetaka kuingiza gari kwake, maji huingia chini ya ngozi hiyo na barabara huanza kupasuka kutoka tumboni.

MCC ilikuwa na kanuni kali: mkataba ni miaka 5, na haiongezwi. Saa ilianza kuhesabu Septemba 2008 na ikaisha Septemba 2013. Kazi zilizobaki Serikali ya Tanzania ilizimalizia kwa fedha zake. Safari ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyokuwa ikila kutwa nzima na wakati wa masika hata zaidi, ikawa ya saa tatu au nne. Malori yakaanza kufika Laela na Mpui kununua mahindi mwezi wowote wa mwaka. Mkulima aliyekuwa analazimika kuuza Julai kabla njia haijafunga, sasa angeweza kusubiri Januari bei ipande.

Mwaka 2016 bodi ya MCC ilisimamisha ushirikiano na Tanzania, ikitaja uchaguzi wa marudio Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Msaada wa awamu ya pili, uliolenga umeme, ukapotea. Lami ya Sumbawanga ilikuwa imeshakauka, lakini funzo lilikuwa wazi kwa yeyote aliyepanga bajeti: barabara inayotegemea saini ya mgeni inaweza kusimama kwa sababu ambazo hazina uhusiano wowote na mahindi. Ndiyo maana nazipa heshima kubwa kazi zilizogharimiwa na kodi zetu wenyewe sambamba na lami hiyo na baada yake: Sumbawanga–Matai hadi bandari ya Kasanga, na Sumbawanga–Kanazi–Kizi kuelekea Mpanda. Ziliburuzika, wakandarasi walicheleweshewa malipo, lakini zimefika. Kutoka Mpanda kwenda Tabora, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ukaziba pengo la mwisho.

Tatizo sasa limehamia nyuma ya lami. Mkulima hakai barabara kuu. Anakaa kilomita 8 au 15 ndani, na hizo ni za Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. TARURA ina mtandao wa zaidi ya kilomita 100,000. TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ina takriban 36,000. Ila kwa miaka mingi fedha za Mfuko wa Barabara zimegawanywa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa hizi za vijijini na mijini. Mwaka 2021 Bunge liliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya TARURA. Ilikuwa hatua ya haki, japo haikutosha. Mnunuzi bado anafanya hesabu ileile ya mwisho kwenda mwanzo, isipokuwa sasa anaanzia kijijini hadi lami. Anayebeba gunia kwa baiskeli au kichwani hadi Mpui ndiye anayelipia kilomita hizo 15, na mara nyingi ni mwanamke yuleyule wa Makete.

Mahali pa kulipima hili ni Lyambalyamfipa. Barabara ya Ntendo–Muze–Kilyamatundu, karibu kilomita 200, inashuka ukingo huo kwenda bonde la Rukwa, kwenye mpunga, ufuta na samaki wa Muze, Mtowisa, Ilemba na Kipeta. Magari yenye mzigo hupanda kwa gia ndogo kabisa, na mvua kubwa ikinyesha mawe huporomoka njiani. Kipande cha kwanza, Ntendo hadi Kizungu, kilomita 25, kimeingizwa kwenye ujenzi wa lami kwa fedha za Serikali. Zilizobaki, pamoja na vijia vinavyozilisha kutoka mashambani, zinahitaji mwenye kuzitetea katika kila bajeti ya halmashauri, ya mkoa na ya Bunge, mwaka baada ya mwaka, mfadhili awepo au asiwepo.