Probiotiki kwa ng'ombe wa maziwa: mambo ya kujua kabla ya kununua, Rumonge na mwambao wa Tanganyika

Sheria ya Burundi ya mwaka 2018, iliyoanza kutekelezwa 2021, inataka mifugo ifugwe zizini badala ya kuzurura. Kwa wafugaji wa Rumonge maana yake ni kukata majani na kununua chakula cha ziada: pumba, mashudu ya mawese na machicha ya bia kutoka Bujumbura. Tumbo la ng'ombe aliyebadilishiwa chakula ghafla huvurugika, na hapo ndipo probiotiki zinapotafutiwa soko.

Probiotiki ni nini?

Ni vijidudu hai ambavyo mnyama akipewa kwa kiasi cha kutosha humletea manufaa ya kiafya. Zinazotumika zaidi kwa ng'ombe ni hamira aina ya Saccharomyces cerevisiae na bakteria wa jamii za Lactobacillus na Bacillus. Hamira hai hutumia oksijeni inayoingia tumboni, hupunguza asidi na kuwasaidia bakteria wanaomeng'enya majani. Kwa ndama, faida inayotafutwa ni kupunguza kuhara.

Faida ni kiasi gani?

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009, uliojumlisha majaribio zaidi ya 150 ya hamira kwa wanyama wanaocheua, ulionyesha ongezeko la wastani wa gramu 1.2 za maziwa kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Kwa ng'ombe wa kilo 400 ni karibu nusu lita. Basi hesabu ni rahisi: kipimo cha siku kikigharimu zaidi ya bei ya nusu lita ya maziwa sokoni, mfugaji anapata hasara.

Bidhaa ni hai, na joto huiua

Mwambao una joto kuliko milima ya Bururi, na mzigo kutoka Tanzania husafiri kwa ziwa kutoka Kigoma au kwa barabara kupitia Manyovu–Mugina na Kabanga–Kobero. Mfuko uliokaa juani unaweza kuwa na unga uliokufa ingawa lebo haijabadilika. Bacillus hutengeneza mbegu ngumu, hivyo huvumilia joto kuliko Lactobacillus.

Mnunuzi akague:

- jina la kijidudu na idadi ya vijidudu hai kwa gramu;
- tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha;
- kiwango cha joto cha kuhifadhia, na mahali muuzaji anapoweka mifuko;
- kama mfuko umefungwa vizuri, bila unyevu wala mabonge.

Machicha ya bia ni chakula kizuri chenye protini, lakini hayachukui nafasi ya hamira hai. Hamira ya mkate nayo, ingawa ni ya spishi hiyo hiyo, haikuchaguliwa kwa kazi ya tumbo la ng'ombe.

Visivyoweza kutibiwa na probiotiki

Hazitibu ndigana kali, ugonjwa wa kiwele wala homa ya Bonde la Ufa iliyoikumba Burundi mwaka 2022. Ng'ombe mgonjwa aonwe na daktari wa mifugo. Akipewa antibiotiki, dawa hiyo inaweza kuua bakteria wa probiotiki, na maziwa yake yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa ziishe.

Maji safi ya kutosha, kivuli, majani mengi na dang'a kwa ndama mara tu anapozaliwa hutangulia. Mfugaji ambaye bado hana hayo, fedha yake ianzie huko.