Uangalizi

Katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, mgonjwa aliye chini ya uangalizi huwa machoni pa muuguzi. Mahakamani, neno hilohilo humrudisha mkosaji nyumbani badala ya kumpeleka Gereza la Karanga.

Wengine husema “probesheni”, neno lenye mzizi wa Kilatini wa kujaribu. Kiswahili kimemwachia “majaribio” mwajiriwa mpya. Kwa mkosaji kikachukua kuangalia, yaani kutazama na pia kuchunga.

Nani anaangalia? Nchini Tanzania ni afisa wa Serikali, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Huko Georgia, Marekani, kampuni binafsi hufanya kazi hiyo kwa makosa madogo na kumtoza mkosaji ada. Mwaka 2015 jimbo hilo liliunda idara ambayo, pamoja na majukumu mengine, huwaangalia waangalizi hao.