Chumba cha Meketre

Machi 1920, huko Thebes, Misri, wachimbaji wa Makumbusho ya Metropolitan ya New York walikuwa wakisafisha kaburi la Meketre, ofisa wa Farao. Lilikwisha kuporwa zamani. Kisha wakaona ufa sakafuni. Herbert Winlock akamulika tochi: chumba kidogo kimejaa mifano ya mbao. Mashua na wapiga makasia wake, ghala la nafaka, jiko la mikate na pombe, zizi la ng'ombe. Wezi walipita juu yake bila kujua.

Ilikuwa na umri wa karibu miaka 4,000, na rangi kama ya juzi. Hata alama za vidole vya walioibeba zilionekana. Kilichoitunza ni giza, ukavu wa jangwa na mlango uliozibwa.

Mimi niko Dar es Salaam. Ngalawa ndogo aliyonichongea marehemu babu niliifunga kwa nailoni, nikaiweka uvunguni miaka sita. Vumbi halikuingia, ila unyevu niliufungia humo humo. Gundi imeachia, tanga limeota ukungu. Niliupangusa wote kwa kitambaa kibichi, mbao na tanga, kabla sijasoma habari za vidole.