Mwanasaikolojia wa shule ni nani?

Ni mtaalamu anayetafuta kinachomzuia mtoto kujifunza. Mwaka 1896 mwalimu mmoja wa Philadelphia, Marekani, alimpeleka kijana wa miaka 14, aliyeshindwa kabisa tahajia, kwa Lightner Witmer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Witmer hakumwita mvivu. Alimpima, akabaini kuwa macho yake yana kasoro. Kijana alipatiwa miwani. Lakini miwani pekee haikutosha, ikabidi afundishwe upya kusoma. Mwaka huohuo Witmer alifungua kliniki ya kisaikolojia chuoni hapo.

Mtaalamu wa leo naye huuliza kwanza kama mtoto anaona na kusikia vyema, huketi darasani kutazama anavyofundishwa, kisha huzungumza na wazazi. Majaribio ya akili, ambayo wengi hudhani ndiyo kazi yenyewe, hufuata baadaye.